Moshi wa Jandoni

Theluji ilianza kuanguka saa nane mchana, na saa tisa ilipofika Sajini Khotsang Letuka alikuwa chini ya farasi wake.

Walikuwa wawili tu, yeye na Koplo Keneuoe Ramohapi, askari wa farasi wa jeshi la Lesotho, wakifuata nyayo za kondoo walioibwa huko juu kwenye milima ya Maluti. Koplo alishasema mara mbili warudi. Sajini alicheka, akamwambia theluji ya mwezi wa sita ni ya kuogofya watoto, na kwamba jeshi lilikosea pale lilipoanza kuwapa bunduki watu wanaosikia baridi. Basi farasi wake akakanyaga barafu iliyojificha, akateleza, akamwangukia, kisha akabiringika hadi korongoni na redio na chakula chote. Mlima haujui cheo cha mtu.

Keneuoe aliruka chini. Mguu wa kushoto wa Sajini ulikuwa umepinda mahali ambapo mguu haupindi, na damu ilikuwa inalowesha suruali juu ya goti.

"Usiuguse!"

"Nisipougusa utakufa, Ntate," akasema, akimwita baba kwa Kisotho, kwa heshima ya cheo.

"Basi taratibu, mwanamke. Taratibu!"

Aliukaza kwa mkanda wa bunduki juu ya jeraha. Akaunyoosha huku Sajini akimtukana yeye, na farasi, na mama wa farasi. Kisha akaufunga kwa fimbo ya Sajini mwenyewe, ile aliyojivunia kwamba imeshapasua vichwa vya wezi watatu. Akampandisha kwa taabu juu ya Letsatsi, farasi jike wake wa kijivu aliyemlea tangu akiwa mtoto, akashika hatamu na kwenda kwa miguu.

"Kambini ni mwendo gani?" akauliza Sajini.

"Kwa hali hii? Saa sita."

Wote wawili walijua Sajini hana saa sita. Uso wake ulikuwa umekuwa rangi ya jivu. Alipochota theluji begani ili aile, Keneuoe alimpiga mkono.

"Itakumaliza joto. Ngoja." Alijaza theluji ndani ya chupa, akaikumbatia tumboni chini ya blanketi alilojitanda mabegani mpaka ikawa maji, akamnywesha mafunda mawili.

Walipovuka tuta la pili waliona moshi. Ulikuwa bondeni, mwembamba, na chini yake zilisikika sauti za wanaume wengi wakiimba. Moyo wa Keneuoe uliruka kwa furaha. Alipomtazama Sajini akamwona amekunja uso.

"Geuza farasi."

"Kuna moto pale, Ntate!"

"Geuza, nimesema. Pale ni jandoni."

Hakuhitaji kuelezwa zaidi. Kaka zake watatu walipita huko. Walirudi na majina mapya, na hadi leo hawajasimulia lolote. Mwanamke hasogei huko, haulizi, hatazami. Habari za waliokosea njia wakaingia husimuliwa kwa sauti ya chini, tena nusu nusu.

"Wewe umepita jando," akasema. "Nenda. Letsatsi atakupeleka. Mimi nitabaki hapa."

"Utaganda."

"Nikiganda, mwandikie mama yangu barua nzuri. Usimwambie nilisikia baridi."

Akampiga farasi kofi la paja. Letsatsi alikwenda hatua kumi, akasimama, akageuka na kumrudia. Mara ya pili hivyo hivyo. Mara ya tatu Keneuoe alimtupia jiwe huku analia, na jiwe lile likampata shingoni. Farasi akarudi tu, theluji imemjaa kwenye kope, akaweka pua yake begani kwake. Alimlea vizuri mno, na sasa malezi hayo yangemuua mtu.

Ndipo alipofungua pini kubwa ya blanketi. Akalipandisha blanketi hadi juu ya kichwa, akafunika uso wote, akalibana kisogoni.

"Unafanya nini?"

"Wewe uwe macho, mimi niwe miguu. Nielekeze."

Sajini alitazama njia ya kushukia. Halafu akasema, "Mbele. Hatua nne. Kuna jiwe kulia."

Wakashuka. Ndani ya blanketi mlikuwa na giza na harufu ya sufu iliyolowa. Alipapasa kwa ncha ya buti kabla ya kila hatua. Mara mbili alianguka kwa magoti, mara mbili Letsatsi akamvuta kwa hatamu akainuka. Upande wa kulia korongo lilikuwa likipuliza upepo wa baridi.

"Kushoto. Kushoto tena. Simama... haya, mbele." Sauti ya Sajini ilikuwa inapungua. "Kushoto kidogo..."

"Kidogo kiasi gani?"

Kimya.

"Ntate Letuka! Kiasi gani?"

Farasi alikoroma, akavuta hatamu nyuma. Upepo sasa ulimpiga Keneuoe kutoka chini, ukamwingia kwenye miguu ya suruali. Aliogopa. Aliogopa shimo, na aliogopa macho yake mwenyewe, na hakujua lipi baya zaidi.

Kwa muda wa pumzi moja, aliinua upindo wa blanketi.

Alichokiona hajamwambia mtu, na mimi sikumuuliza. Nilifunzwa adabu kwetu. Ninachojua ni kwamba aliushusha upindo, akamgeuza farasi, akahesabu hatua arobaini na moja, kisha mbwa wakabweka.

"Simama! Nani huyo?"

"Mwanamke! Jamani, ni mwanamke!"

Alisikia fimbo zikigongana, na miguu ikimzunguka.

"Nimejifunika, baba zangu," akasema. "Huyu ni mtu wenu. Amevunjika mguu, anakufa. Mchukueni."

Mmoja akamsemesha Sajini kwa maneno ambayo Keneuoe hakuyaelewa. Hakuna jibu. Akarudia kwa ukali. Keneuoe akajua kwamba mtu asiyejibu hapo ni mwongo, na mwongo hapokelewi. Akauminya mguu wa Sajini usiovunjika kwa kucha zote. Juu yake sauti iliyokwaruza ikatoa maneno machache, mafupi.

Mkono ukamnyang'anya hatamu.

"Ulipokuwa njiani ulitazama?" ikauliza sauti ya mtu mzima.

"Sikutazama."

Walimwongoza kwa ncha ya fimbo, hakuna aliyemgusa, hadi kwenye zizi la mawe la kondoo. Wakamwachia kopo la makaa, ngozi ya kondoo na uji mzito wa mahindi. Alilala humo amejifunika vile vile, vidole masikioni.

Asubuhi sauti ikamwambia afunue. Alipofunua hapakuwa na mtu. Letsatsi alikuwa amesimama, na Sajini amelazwa juu ya matawi, mguu umefungwa kwa vijiti na dawa yenye harufu asiyoijua. Alikuwa anapumua. Nyayo zote zilikuwa zimefagiliwa. Saa nne helikopta ya jeshi iliyokuwa ikiwatafuta iliwaona.

Hospitalini Maseru, Kapteni alikuja na ramani.

"Mlijihifadhi wapi?"

Sajini alifumba macho kama mtu aliyezidiwa na maumivu.

"Kwenye zizi la kondoo, Ntate Kapteni," akasema Keneuoe.

"Na mguu huu nani aliufunga?"

"Sikuona. Nilikuwa nimejifunika. Baridi ilikuwa kali."

Kapteni, ambaye naye alipita jando ujanani, aliitazama ile kazi kwa muda. Akakunja ramani. "Aliyeufunga anajua kazi yake," akasema, akatoka.

"Ausi Keneuoe." Kabla ya siku hiyo Sajini hakuwahi kumwita dada. "Nilipokuwa nazimia, tulikuwa tunaelekea gengeni. Nililiona, ulimi ukakataa. Nani aligeuza?"

Keneuoe aliangalia dirishani.

"Farasi mwenyewe, Ntate."

Sajini alimkodolea macho mpaka machozi yakamlengalenga. "Basi," akasema, "nikitoka hapa, farasi huyo nitampigia saluti kila asubuhi hadi nistaafu."

Akatimiza. Kila asubuhi kikosini hufika kwenye banda la farasi akichechemea, husimama mbele ya Letsatsi, hupiga saluti. Askari wapya hucheka, wanadhani mzee ameanza kuchanganyikiwa. Na Keneuoe, aliyeinama upande wa pili wa farasi akimsugua manyoya, huweka brashi chini, husimama wima, huipokea.