Bawa Lililogongwa kwa Ndani

Bawa la ndege lilikuwa limevikwa kitambaa, likashonwa na kupakwa dawa ya kukaza tangu Ijumaa, kwa hiyo Jumatatu asubuhi hapakuwa na namna yoyote ya mtu kuwa ndani yake. Hata hivyo Elisaria, alipokuwa akivua koti lake la mvua, alisikia kitu kikigonga humo. Ko. Ko. Ko. Kisha, karibu na ncha, bu.

Alisimama vile vile, koti limening'inia kwenye mkono mmoja.

Elisaria alikuwa seremala, Mmeru wa mlimani juu ya Usa River. Kwa miaka mingi alitengeneza mabenchi ya kanisa na milango ya majirani. Serikali ilipowahamisha watu kutoka Ngare Nanyuki ili walowezi wapewe ardhi, ng'ombe wake walikosa malisho, naye akashuka Arusha kutafuta ajira. Aliipata kando ya kiwanja cha ndege, katika karakana ya kampuni moja ya Wazungu iliyokuwa ikinunua ndege kuukuu za vita, ikiziundia mabawa mapya ya mbao na kuwauzia wenye mashamba ya kahawa ili wanyunyizie dawa.

Aliyemfundisha kazi hiyo ni Dismasi, mkaguzi wa mabawa. Kabla bawa halijavikwa kitambaa, Dismasi alizipitia mbavu zake za mbao, ubavu baada ya ubavu, akigonga kila kiungo kwa kinyundo cha mti huku sikio amelilaza kwenye mbao.

"Kiungo kizima kinasema ko," alimwambia Elisaria. "Gundi ikiwa haikushika, kinasema bu. Usipokee bu hata moja, ndugu yangu. Kule juu hakuna pa kuegemea."

Kisha meneja, Bwana Hexley, aliacha kuagiza gundi ya makopo kutoka ng'ambo, akaleta magunia ya gundi ya unga wa maziwa kwa kuwa bei yake ilikuwa ndogo. Masika yalipoanza, gundi ile ikaota ukungu na kunuka. Dismasi akakataa kutia sahihi kwamba mabawa ni mazima. Meneja akamwambia kama ana wasiwasi apande mwenyewe ndege ya majaribio, ajionee. Dismasi akapanda. Bawa la kushoto liling'oka juu ya kijiji cha Elerai. Rubani alikuwa na mwavuli wa kurukia, Dismasi hakupewa. Kampuni ikasema ulikuwa upepo wa mlimani.

Hayo yalikuwa yametokea wiki tatu nyuma.

"Na wewe umesikia?" mtu alinong'ona nyuma ya Elisaria. Alikuwa Saning'o, Mwarusha mrefu aliyebeba mbao na kujaza dawa kwenye ndege.

"Panya," alijibu Elisaria.

"Panya gani anaruka hatua sawasawa, ubavu mmoja baada ya mwingine? Huyo ni jini, Elisaria. Na unajua anagonga kama nani."

Kufikia Jumatano karakana nzima ilijua. Mlio ulianza kwenye shina la bawa ukatembea hadi ncha, ukarudi, na kila ulipofika pale paliposema bu ulikaa, ukagonga na kugonga kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake. Ikafuata harufu ya maziwa yaliyochacha yaliyochanganyika na petroli iliyoungua. Wanaume wakaanza kufanya kazi wawili wawili. Hakuna aliyetaka kumpa bawa lile mgongo.

Alhamisi mchana mvua ilishuka nzito hata karakana ikawa na giza. Wenzake walikuwa bandani wakila. Elisaria alibaki peke yake, kwa sababu meneja alikuwa amempa cheo cha Dismasi na karatasi ya kutia sahihi, naye hakuwa ameitia. Mlio ukaanza. Safari hii hakukimbia. Alisogea, akalaza sikio kwenye kitambaa kama alivyofundishwa, na hapo mlio ukanyamaza, na katika ule ukimya akasikia pumzi, pumzi ya mtu aliyepanda mlima mrefu, upande wa pili wa kitambaa, mkabala na sikio lake, na alipojivuta nyuma akaona kitambaa kikiinuka polepole kutoka ndani, kwanza kidole kimoja, kisha vinne vingine, mpaka kiganja kizima kikachoreka pale kikiwa kimekazwa na ile dawa kama ngozi kwenye ngoma, kikaanza kutambaa kuelekea ncha kikipapasa mbavu, kikipita kiungo baada ya kiungo, naye akikifuata bila kujua kwa nini miguu yake inakifuata, hadi kikasimama kwenye ubavu wa kumi na moja, na sauti aliyoijua, ikiwa imejaa udongo, ikasema, "Elisaria. Hapa."

Alichomoa kisu, akapasua kitambaa. Ndani hapakuwa na mtu. Aligusa kiungo cha ubavu wa kumi na moja, nacho kikaachana chenyewe. Gundi ilikuwa kama unga ulioloana.

Alikipeleka kile kipande cha mbao ofisini, pamoja na kitambaa alichokipasua.

"Bwana, bawa lile likiruka litaua. Tazama."

Kwanza Bwana Hexley alitazama kitambaa kilichopasuliwa. "Nani kata hii?"

"Mimi, bwana. Dismasi amenionyesha."

"Dismasi iko kufa." Meneja aliisukuma karatasi mezani. "Mimi hapana taka maneno ya shetani. Wewe tengeneza hiyo moja, halafu tia sahihi. Kama hapana taka kazi, sema. Watu iko mingi nje."

Elisaria alimfikiria mkewe Eunike, na zizi lililobaki na ng'ombe wawili. Akaunga upya kiungo kile kimoja kwa gundi ile ile, akashona kitambaa, akatia sahihi.

Tangu hapo mlio haukupumzika tena. Bawa liligonga, na bawa la pili, lililokuwa bado mbavu tupu, nalo likagonga mchana kweupe mbele ya macho ya watu. Mafundi wakaweka zana chini. Saning'o ndiye aliyewasemea: hawagusi ubao mpaka jini atolewe, na yuko bibi huko Elerai, Nkasiogi, anayejua kuwatoa.

Bwana Hexley alicheka. Kisha akauliza bibi huyo anataka nini. Alipoambiwa mbuzi mmoja na blanketi, akacheka zaidi, akatoa ruhusa siku hiyo hiyo.

Nkasiogi alikuja kesho yake saa nne asubuhi. Alikuwa mdogo wa umbo, mwenye shanga za zamani na jicho moja lenye mtoto wa jicho. Alifukiza majani ya mzeituni wa porini, akanyunyiza maziwa ya mbuzi kwenye kizingiti, akazunguka mabawa akisema kwa Kimaasai maneno ambayo hata Saning'o hakuyafahamu yote. Mara mbavu zote ziligonga kwa pamoja, mabawa yote mawili, juu, chini, kasi kama mvua ya mawe juu ya bati, misumari ikaruka mezani, na ndani ya kelele hiyo ikapanda sauti ya mtu anayeita jina moja kwa kurudiarudia, na jina lenyewe lilikuwa Elisaria, Elisaria, Elisaria, naye Elisaria akaziba masikio, akatazama chini kwenye takataka za mbao.

Halafu ikaisha. Hata harufu ilitoweka. Watu walishangilia, Saning'o akaruka juu mara tatu kama wanavyoruka morani. Nkasiogi alikunja blanketi lake, akamtazama Elisaria kwa muda mrefu, akaondoka bila kuaga.

Wiki mbili baadaye ndege yenye mabawa hayo iliruka kwenda Usa River kunyunyizia kahawa. Saning'o alikaa nyuma ya rubani, kazi yake kufungua dawa. Waliokuwa wakichuma walisema bawa lilikunjika bila kelele, kama mtu anavyofunga kitabu. Elisaria alikwenda kwa miguu. Alikuta miti ya kahawa imelala, imefunikwa unga mweupe wa dawa, na Saning'o akiwa mweupe hivyo hivyo. Alivitafuta viungo vya bawa. Kile cha kumi na moja kilikuwa kimeachia, na vingine tisa.

Kutoka hapo hakwenda nyumbani. Alikwenda Elerai.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Nkasiogi hakumuuliza amefuata nini.

"Yule uliyemtoa. Mrudishe."

"Siwezi."

"Nitakuletea ng'ombe. Ninao wawili. Chukua wote."

"Hata ukileta zizi zima." Bibi alisogeza kigogo motoni. "Aliponipita mlangoni alikuwa analia. Mimi sikuitwa kumuuliza analia nini. Niliitwa nimtoe. Lakini wewe alikuita kwa jina, mwanangu. Ulikuwa umeziba masikio."

Uchunguzi ulifanyika bomani. Afisa Mzungu alikuwa na karatasi yenye sahihi ya Elisaria, na maelezo ya Bwana Hexley kwamba wafanyakazi walikuwa wamejaa hofu ya mashetani hata wakaletewa mchawi, na kwamba kwa hofu hiyo waliharibu kazi.

"Je, ni kweli," mkalimani alimgeuzia Elisaria swali, "mlikuwa na shetani katika karakana?"

"Alikuwepo," alisema Elisaria, na sauti yake ikajaa chumba. "Alikuwa Dismasi. Alituonyesha mahali bawa lilipooza. Nikamwambia meneja, nikamwonyesha gundi, akaniambia nitie sahihi. Gundi ndiyo iliyowaua. Muulizeni gundi ya makopo ilikwenda wapi."

Mkalimani alimtazama Bwana Hexley, kisha afisa. Akatamka neno moja la Kiingereza, na hilo Elisaria alilijua. Ndiyo.

Afisa akaandika.

Elisaria hakufukuzwa. Jumatatu karakana ilifunguliwa, na ndege nyingine ilikuwa tayari, magunia ya gundi yamepangwa ukutani. Alilaza sikio kwenye bawa. Alisubiri. "Dismasi," alinong'ona. Akaita tena, na akamwita Saning'o pia. Bawa lilikuwa kimya kabisa.

Bwana Hexley alikuja na karatasi na kalamu.

"Sitii," alisema Elisaria.

Meneja hakugombana naye. Alimwita mfagiaji, mzee Sumari, ambaye hakuwahi kwenda shule, akamfungulia kidau cha wino. Mzee aliweka ufagio chini, akajifuta mkono kwenye suruali kwa heshima, akachovya dole gumba, akalikandamiza mahali pa sahihi. Mafundi wakashika mkia wa ndege, wakaanza kuisukuma nje kwenye jua.