Nyekundu Chini ya Nyeusi

— Viviane, nani alikuambia uguse ile pikipiki?

Viviane hakugeuka. Alikuwa amechuchumaa mbele ya tangi, kipande cha msasa mkononi, vumbi jeusi limemfika kwenye viwiko. Pale aliposugua, chini ya rangi nyeusi, palikuwa pametokea nyekundu.

— Umerudi, alisema. Soko ilikuwa namna gani?

Katsuva alitua mfuko wake mlangoni mwa karakana.

Mtaa wote wa Bigo ulimjua: fundi kutoka Butembo ambaye kazi yake ilikuwa kununua pikipiki zilizokufa, zile za enzi ya mapadri wazungu, na kuzirudisha kama zilivyotoka kiwandani. Vita vilizitupa nyingi, kwenye migomba na ndani ya nyumba zilizochomwa. Watu walimtania kwamba badala ya kuoa anakusanya maiti za vyuma. Viviane alikuwa akija kumsaidia kusugua kutu, na katikati ya kusugua Katsuva alimwomba waoane, si mara moja. Jibu halikubadilika. Mume wake Marcellin alikwenda kwenye machimbo ya dhahabu ya Mongbwalu na pikipiki yake nyekundu, hakurudi, na hakuna aliyeleta habari. Mama mkwe, Mama Anastasie, hakutaka kuweka matanga mikono mitupu, bila mwili wala kitu chake cha kulilia. Na mwanamke ambaye mume wake hajaliliwa bado ni mke wa mtu.

— Weye haupakake rangi juu ya rangi, Viviane alisema. Unanifundishaka: toa yote, fika ku chuma, ndiyo upake. Hii peke yake uliipaka juu juu. Sababu gani?

— Niliharakisha.

— Imebonyea hapa. Siku ile Marcellin aligonga muti wa avoka, miye nilikuwa nyuma yake. Usinidanganye, Katsuva.

Katsuva alikaa juu ya tairi, akaeleza polepole. Aliyemuuzia alikitoa chuma hicho upande wa Bambu, njia ya Mongbwalu. Mwenye pikipiki alisimamishwa kwenye kizuizi cha watu wa bunduki, akaambiwa ashuke, akashuka. Wenyeji walimzika kando ya shamba la mihogo. Muuzaji hakujua jina. Katsuva aliijua pikipiki, maana aliwahi kuitengeneza kwa mikono yake.

— Tangu lini unajua?

— Kabla ya mavuno ya maharagi.

— Na uliendelea kuniomba.

— Nilitaka unikubali weye mwenyewe. Si sababu muntu alikufa.

— Miye nilikuwa nakukataa sababu ya muntu alikufa. Usiku nilikuwa naacha mulango bila kufunga, labda atarudi, Katsuva. Weye ulikuwa unaona.

— Niliona.

— Ukanyamaza.

— Nilinyamaza.

Hakumtukana. Alimwambia tu aweke magurudumu, pikipiki iweze kusukumwa. Akaweka, wakaisukuma wote wawili hadi kwa Mama Anastasie. Kwenye mawe Katsuva aliinyanyua kwa nyuma, na Viviane akaongoza usukani.

Mama Anastasie alipitisha kidole juu ya ile nyekundu. Aliingia ndani, akajifunga kitambaa kichwani, akatoka, ndipo akalia, na majirani wakaja.

Pikipiki iliwekwa sebuleni, mahali ambapo mwili ungelazwa, ikafunikwa kitenge. Wanawake waliketi kwenye mikeka kuizunguka. Mmoja akasema Marcellin alizoea kutisha kwamba akiudhiwa na mke atalala na pikipiki yake. Wakacheka, kisha wakalia zaidi. Viviane alinyoosha miguu, akatazama gurudumu la mbele. Nje, kwa wanaume, mbele ya mlango uliokuwa wazi, Katsuva alifunika uso kwa kofia na mabega yakatikisika.

Siku ya kumaliza matanga, Mama Anastasie alimnyoa Viviane nywele, akammwagia maji kichwani. Akasema mbele ya watu wote kwamba mwanawe ameliliwa, na binti huyu sasa hana deni na nyumba ya mumewe.

Watu walipoanza kutawanyika, Katsuva alikaribia.

— Mama amekuachilia.

— Nilisikia.

— Na siye?

Viviane alikuwa akiwasaidia wanawake kukung'uta mikeka. Alikunja mmoja, akauweka ukutani, akachukua mwingine.

— Weye ulinifanya ningoje bure. Sasa ngoja na weye. Nikisha kulia, nitakuja kukuambia kama ni ndiyo ao ni hapana.

— Haukulia ku matanga?

— Weye ulilia, nilikuona. Miye bado sijaanza.