Gari Jeusi la Mjomba Adomako

Kwenye yadi moja ya magari huko Suame, mtaa wa magereji wa Kumasi, Ntim alirudi nyuma hatua moja ili alione gari vizuri, akatumbukiza mguu kwenye karai la oili chafu. Suruali yake nyeupe, iliyopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama, ikawa nyeusi hadi gotini. Karai lilikuwa la Abrafi, fundi wa magari.

"Kaka, Suame yote hii kubwa, ukaona pa kuogea ni kwenye karai langu?"

"Samahani, dada. Nilikuwa naangalia gari."

"Gari liko mbele. Wewe umekuja kinyumenyume."

Abrafi alikuwa ndani ya ovaroli ya bluu, kitambaa cha rangi ya chungwa kichwani, bisibisi ndefu mkononi. Alitaka kucheka lakini akajizuia, maana yule mwanamume aliitazama suruali yake kama mtu aliyefiwa. Akamwonea huruma.

"Na hilo unalolitamani, hebu ingiza mkono chini ya zulia."

Ntim aliingiza mkono, ukatoka na mchanga mbichi.

"Lililala kwenye mafuriko huko lilikotoka," Abrafi alisema kwa sauti ya chini, muuzaji asisikie. "Leo linawaka vizuri. Baada ya miezi miwili nyaya zinaanza kuoza, na hutajua uanzie wapi."

Ndivyo walivyojuana. Haikupita wiki Abrafi akawa ameshajua mengine yote. Ntim alikuwa dereva wa wakubwa wa benki kwa miaka kumi na mmoja, na sasa alitaka gari moja la kifahari, lililotumika lakini zima, la kubebea maharusi wa Kumasi. Kiwanja alichoachiwa na mama yake alishakiuza. Barua ya kuacha kazi alishaipeleka. Gari likimfia mikononi, amekwisha.

Wakaanza kuzunguka yadi pamoja. Abrafi alilikataa la rangi ya fedha, maana oili yake ilikuwa imegeuka chai ya maziwa, dalili kwamba maji yameingia kwenye injini. Akalikataa jekundu lenye shokapu za upepo, walilolikuta asubuhi limechuchumaa nyuma. Akalikataa na lile lililoonyesha kilomita chache kwenye dashibodi huku pedali ya breki imelika mpaka chuma. Na kila jioni simu ililia.

"Fundi wangu, leo umekula nini?"

"Fufu na supu ya karanga. Na usiniite fundi wako, sijakuuzia spana."

"Basi nikuiteje? Malkia?"

"Malkia gani ananuka petroli?"

"Nimewaendesha wanaonuka marashi miaka yote hii, Abrafi. Hakuna hata mmoja niliyemkumbuka nikifika nyumbani."

Abrafi akabaki anauchekea ukuta. Alikuwa ameshapenda, na alijua.

Alhamisi asubuhi Ntim alipiga simu, anahema kwa furaha. "Mpenzi, nimelipata! Jeusi, refu, viti vya ngozi. Liko kwa mzee mmoja anaitwa Adomako. Anasema anakufahamu vizuri sana."

Abrafi aliketi juu ya tairi.

Mzee Adomako ndiye aliyemfundisha kazi. Mafundi wote wa Suame walipomwambia msichana akajifunze kusuka nywele, yeye alimpa spana. Siku ya kumaliza uanafunzi alimmwagia poda kichwani mbele ya watu, akambariki, naye Abrafi akaapa kama wote wanavyoapa, kwamba hatalichafua jina la bwana wake mbele ya mteja. Baba yake alipofariki, mzee huyo ndiye aliyekaa kwenye kiti cha baba. Abrafi alimwita Mjomba.

Na lile gari jeusi alilijua. Wiki tatu nyuma alipita yadini asubuhi na mapema kuazima jeki, Mjomba akaliwasha mbele yake. Injini ililia kama maharage ndani ya kopo, sekunde tatu tu, kisha ikatulia. Cheni ya taimingi, ile inayopanga mwendo wa injini, ilikuwa imelegea. Injini ikishapata moto husikii kitu, mpaka siku cheni inaruka na injini nzima inavunjika. Tangu hapo Mjomba alilipasha moto kila asubuhi kabla mteja yeyote hajafika.

Mchana walisimama yadini, injini inanguruma taratibu.

"Abrafi, sema basi," Ntim alisema, macho yanang'aa. "Tulichukue?"

Mjomba Adomako hakumwangalia. Alikuwa anafuta kioo ambacho hakikuwa na vumbi.

"Mjomba ndiye aliyenifundisha kusikiliza injini," Abrafi alijibu.

Lilikuwa jibu la woga, na Ntim akalipokea kama ndiyo. Akampa mzee mkono, wakapatana wakutane kesho saa moja asubuhi, aje na pesa zote.

Jioni ile Abrafi ndiye aliyepiga simu.

"Usilinunue."

"Nini?"

"Lile gari, Ntim. Usilinunue."

"Kwani lina nini?"

"Usiniulize. Nakuomba tu."

"Mchana ulikuwa na mdomo, Abrafi. Kwa nini hukusema?"

"Siwezi kukuambia."

"Watu walinionya kwamba mafundi hupewa chao na yadi wanayoipelekea mteja. Niambie basi, ni yadi gani imekuahidi?"

"Hivyo ndivyo unavyonijua?"

"Nilidhani nakujua." Akakata simu.

Alimpigia tena mara nne, haikupokelewa. Alilia kwa hasira, akimkasirikia Ntim, na akijikasirikia mwenyewe zaidi.

Kesho yake saa kumi na mbili na nusu alikuwa getini. Mjomba alifungua, wakaingia. Mzee alipotoa ufunguo, Abrafi akasimama mbele ya mlango wa gari.

"Nipishe, binti."

"Leo usiliwashe, Mjomba. Mwachie mwenyewe aliwashe."

"Uliapa," mzee alisema polepole.

Geti likalia. Ntim aliingia na mfuko wa pesa kwapani, na alipomwona Abrafi uso wake ukakunjamana. "Umekuja kunizuia?"

Abrafi alivua ndala, akasimama pekupeku kwenye changarawe, kama mtu anavyosimama mbele ya mkubwa wake anapoomba radhi.

"Mjomba, niliapa sitalichafua jina lako. Huyu atapakia bibi harusi humu. Litazima barabarani Jumamosi moja, na Kumasi nzima itauliza limetoka kwa nani. Mpe ufunguo likiwa bado baridi. Nakusihi."

Mzee alitazama miguu ile pekupeku, kisha akamrushia Ntim ufunguo.

Ntim aliwasha. Maharage yakalia ndani ya kopo. Dereva mwenye uzoefu wa miaka kumi na mmoja hakuhitaji kuelezwa, akazima hapohapo. Aliposhuka alimtazama Abrafi, akaelewa jibu la jana na simu ya jana.

"Nendeni," Mjomba Adomako alisema. "Na wewe usiniite Mjomba tena."

Nje ya geti Ntim alishindwa hata kumshika mkono. "Nisamehe. Nimekutukana bure."

"Umenitukana, ndiyo."

"Nilikuwa nimepanga mwezi ujao nije kugonga mlango kwenu, nikupose."

"Mlango upi, Ntim?" Machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi. "Mlango wangu alikuwa yule mzee. Sasa atakufungulia nani?"

Jumapili, watu walipotoka kanisani, Ntim alikwenda nyumbani kwa Adomako kwa miguu, pamoja na shangazi yake na chupa mbili za shinapsi, ile pombe kali ya kupelekea wazee. Abrafi aliwafuata nyuma. Mzee aliwaacha wasimame.

"Hiyo chupa ni ya nini?"

"Ya kuomba radhi," Ntim alisema. "Abrafi alikuvunjia heshima kwa ajili yangu, kwa hiyo kosa ni langu."

"Na hiyo nyingine?"

"Ya kugonga mlango."

Mzee aliichukua ya kwanza, akaiweka chini ya kiti chake. Kisha akamgeukia Abrafi, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Nimeifungua ile injini. Macho yangu hayaoni tena zile alama ndogo za taimingi za kufungia cheni. Mwaka wa pili sasa. Niliona aibu kumwambia mtu, basi nikawa nalipasha moto tu. Kesho njoo na vyombo vyako, unisaidie kubadilisha cheni."

"Nitakuja, Mjomba."

Hakumkataza neno hilo. Aliinua chupa ya pili, wote waione.

"Abrafi, huyu kijana ameleta kinywaji. Tukipokee?"

"Kipokeeni."

Aliuliza mara ya pili, kama desturi ya posa inavyotaka, na mara ya tatu. Kila mara Abrafi alijibu kwa sauti kubwa zaidi, mpaka majirani wakachungulia ukutani.