Mwanya wa Unyasi Mmoja

Kiboko aliupiga mtumbwi kwa chini, na kabla Komora hajamaliza kutamka bismillahi alikuwa ndani ya mto Tana, kinywa kimejaa tope. Alipoibuka aliuona mtumbwi umegeuka tumbo juu, unakwenda zake. Mbele yake Hirsi alikuwa anapiga maji kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulielea vibaya, kama si wake. Bunduki ilikuwa bado mgongoni.

"Ivue! Itakuzamisha!"

"Siivui!"

Komora alimfikia, akamkamata ukosi wa shati, akauacha mto uwachukue. Mtu wa Tana hashindani na mafuriko. Huenda nayo, akikata kwa upande kidogo kidogo. Walipita juu ya mashamba ya watu, vichwa vya migomba vikiwakwaruza matumbo. Walipita dungu la kuamia ndege, limebaki paa tu. Hatimaye miguu ikagusa udongo mgumu.

Kilikuwa kichuguu cha kale, kipana kama uwanja wa nyumba, kimeota nyasi na miiba. Maji pande zote. Mwisho ule wa mwaka 1957 mvua ilikuwa imeugeuza mto bahari.

Na hawakuwa peke yao. Upande wa pili wa miiba alisimama nyati dume, kipande cha mkuki kimemganda ubavuni, akiwatazama.

"Usikimbie," Hirsi alinong'ona.

"Nikimbilie wapi?"

Nyati alipuliza pua, akabaki palepale. Kwa sasa kila mmoja alikuwa na pake.

Komora aliufunga mkono wa Hirsi kwa matete na kikoi chake. Mfupa ulikuwa umevunjika juu ya kiwiko. Hirsi aliuma mkanda, hakulia, lakini jasho lilimtiririka kama mtu wa homa.

"Kilelengwani upande gani?" Hirsi aliuliza.

"Kule maji yanakokwenda. Mwendo wa saa mbili kwa mtumbwi."

"Kwa kuogelea?"

"Kwa kuogelea, mamba watafika kabla yetu."

Walichuja maji kwa kitambaa, wakanywa. Komora alichomeka kijiti ukingoni apime maji. Alipokitazama tena, jua limeanza kuinama, kijiti hakikuonekana. Nyati naye alikuwa amesogea hatua tatu.

Hirsi alikuwa askari wa wanyama, Msomali mrefu wa maneno machache, na Komora alikuwa anampeleka Kilelengwani kwa sababu ya ndovu waliokuwa wakikanyaga mpunga na waliokwisha kuua mtu mmoja. Bunduki yake ya zamani ilikuwa imekufa. Hii ilikuwa mpya, na haikununuliwa dukani. Abdulsalam, fundi wa bunduki wa Lamu, alichukua mwili na komeo la bunduki kuukuu ya vita, akaufunga mtutu mnene ulioletwa kutoka ng'ambo, unaomeza risasi nene kama kidole gumba. Macho yake hayakuweza tena kazi ya mti. Kwa hiyo chuma kilipelekwa Idsowe kwa Komora, mchonga mitumbwi, akitengenezee kitako cha mti.

Miezi saba Komora aliuchonga mti mgumu wa mbambakofi. Alikipaka chuma masizi ya koroboi, akakikandamiza kwenye mti, akaona masizi yamegusa wapi, akakwangua hapo kwa patasi. Akarudia, hata hesabu ikampotea. Na Abdulsalam alikuwa amemwonya: "Nyuma ya mkia wa chuma, pale unapolala ndani ya mti, acha mwanya. Unyasi upite. Usinitie aibu."

Lakini aibu ya Lamu si aibu ya Idsowe. Kwa kina Komora mtumbwi ukiisha hukaguliwa kwa unyasi. Wazee, wake, mashemeji, kila mwenye mdomo huja kuchomeka unyasi kwenye kiraka na kwenye ufa. Ukiingia, fundi huimbwa kwa kejeli mpaka msimu upite. Siku ya bunduki nyumba ilijaa kama kuna arusi, na Halima, mke wa Komora, alipika sufuria mbili za wali. Tuneya, shemeji wa Komora kutoka Kilelengwani, mtu asiyeweza kunyamaza hata msibani, alichomeka unyasi nyuma ya ule mkia. Ukazama.

"Shemeji! Mtumbwi huu utatuua!"

Watu walicheka hata kuku wakatawanyika. Wageni walipoondoka, Komora alichanganya unga wa mbao na gundi, akauziba mwanya, akapaka mafuta ya kitani juu yake.

"Fundi wa Lamu si alisema uache?" Halima aliuliza.

"Fundi wa Lamu hakai Idsowe."

Sasa, juu ya kichuguu, Hirsi aliilaza bunduki mapajani kwake, akapitisha kitambaa ndani ya mtutu kwa unyasi mrefu hadi tope likaisha. Kisha akatoa risasi mbili mfukoni. Nyingine zilikwenda na mkoba.

"Utapiga wewe," alisema. "Mimi sina mkono."

Komora hakuipokea. Aliyatazama maji.

"Hirsi, kitako kitapasuka."

"Kwa nini kipasuke?"

"Nimeziba mwanya. Bunduki ikilia, chuma hurudi nyuma. Mkia ukigusa mti unakuwa kabari. Na uso wa mpigaji uko hapo hapo."

Hirsi alipapasa mti nyuma ya mkia. Nyati alitikisa masikio.

"Ulitaka kuniambia lini?"

"Sikutaka kukuambia."

"Ningepiga mimi. Kilelengwani. Mbele ya ndovu."

"Ndiyo."

Hakumtukana, na hilo ndilo lililomuuma Komora zaidi. Hirsi alimgeuzia tu kiuno chenye kisu. "Kisu hicho. Fanya."

Mti ulikuwa umekunywa maji, umevimba, umekibana chuma kama taya. Komora alipiga magoti, akaanza kukwangua kwa ncha ya kisu, chembe kwa chembe. Akiharakisha, angeuchana mti wenyewe. Akichelewa, maji yasingemngoja. Giza lilimkuta hapo. Akaendelea kwa kupapasa, huku Hirsi akimsikilizia nyati. Kulipopambazuka alama za vidole vyake zilikuwa zimekwisha, damu imeingia ndani ya mbambakofi. Aling'oa unyasi, akauchomeka. Ukapita. Akazitia risasi zote mbili.

Nchi kavu ilikuwa imebaki kama majamvi mawili. Nyati aliangalia maji, akawaangalia wao, akashusha kichwa.

"Kaa chini," Hirsi alisema. Akaketi nyuma yake, akamwekea bega zima mgongoni. "Ikaze begani. Ukiiogopa itakuvunja. Lenga kifua. Bado. Bado."

Nyati alikuja, miiba ikivunjika.

"Sasa!"

Tk. Risasi ilikuwa imelowa.

"Komeo!"

Komora alilivuta, risasi mbovu ikaruka, akalisukuma kwa kiganja. Aliona unyevu wa pua. Akavuta.

Hakuusikia mlio. Alisikia teke, na wote wawili wakaanguka chali ndani ya maji. Alipoinuka nyati alikuwa amepiga magoti, pembe zake zimechimba udongo pale Komora alipokuwa ameketi. Alihema mara moja, akaisha.

Komora hakumtazama. Alikipapasa kitako, kutoka mkia wa chuma hadi shingo ya mti, akitafuta ufa. Hakuupata.

Tuneya aliwafikia kabla ya adhuhuri. Alikuwa ameuona mtumbwi wao ukipita Kilelengwani umepinduka, akapiga kafi kupanda mto bila kujua pa kwenda, hadi aliposikia mlio mmoja mzito. Aliwapakia akilia na kucheka pamoja, akiwasimulia nani amezimia na nani ameshaanza kupika matanga.

Walipokuwa njiani macho yake yaliiangukia bunduki. Mazoea yana tabu. Alichomoa unyasi uliokwama kwenye shati la Hirsi, akauingiza nyuma ya mkia.

"Shemeji, mwanya huu bado upo!"

Komora aliendelea kupiga kafi. Hakuificha bunduki.

Hirsi hakufumbua macho. "Uache," alisema. "Mimi na yeye tumepita hapo."

Tuneya alivitazama vidole vya Komora kwenye kafi. Kisha akaudondosha unyasi mtoni, taratibu, na mpaka Kilelengwani hakusema neno.