Midomo ya Nerina Kwenye Sikio la Gualtiero

Walikutana kwenye baa ya kituo cha treni, Roma, saa ya watu kugombea kahawa. Kiwiko cha Tullio kilimmwagia Nerina kikombe kizima juu ya gauni lake fupi la manjano.

"Utalifua wewe," Nerina akasema.

"Nitalifua leo leo. Livue."

"Mjanja wewe. Nipe namba ya simu kwanza."

Simu yenyewe ilikuwa ya mama mwenye nyumba aliyopanga Tullio. Nerina akaipiga kila jioni, mwaka mzima.

Kwa riziki, Tullio alikata na kuunga filamu za vichekesho vya majasusi. Kwa mapenzi alitengeneza zake, zisizo na hadithi, akizikwaruza kwa sindano. Nerina naye akapata nafasi kwenye filamu moja ya majasusi: amnong'oneze sikioni Gualtiero, shujaa wa filamu hiyo, mwenye suti nyeupe na meno mengi. Ilikuwa mara ya kwanza uso wake kujaa pazia la sinema, na alikuwa ameisubiri miaka sita.

Siku hizo picha zilipigwa bila sauti. Waigizaji wa nafasi ndogo walihesabu tu, moja, mbili, tatu, na maneno yakaingizwa baadaye. Tullio alilijua hilo vizuri. Lakini midomo ya Nerina haikuwa ikisema moja, mbili, tatu. Akaitazama mara tisa kwenye meza yake ya kukatia filamu, kwa wivu.

Simu ikalia. "Mpenzi, umeniona?"

"Nimekuona. Ulimwambia nini yule?"

"Nilihesabu."

"Usinifanye mtoto, Nerina."

"Una wazimu, baba wewe." Akakata.

Basi mwenzenu akakinyofoa kipande kile kutoka filamu ya majasusi, akaukwaruza uso wa Gualtiero ukawa moshi mtupu, akakitia kwenye filamu yake. Jumapili mchana akaionyesha kwenye chumba kilicho chini ya duka la viatu, kwa watu kumi na mmoja. Wa kumi na mbili alikuwa Nerina, na gauni la manjano lenye doa lake.

Midomo ikajaa ukutani, kimya. Nyuma ya viti sauti ikaifuata sawasawa: "Saba. Tano. Nane. Moja. Moja. Sita."

Ilikuwa namba ya mama mwenye nyumba. Tullio akageuka nyuma.

"Mwongozaji alitaka uso wenye mapenzi," Nerina akasema. "Nikahesabu namba ninayoipenda. Na wewe ukanikata."

"Nisamehe. Nakala ya asili ipo salama, kesho asubuhi nakurudisha filamuni."

"Nirudishe. Halafu umpigie baba yangu simu."

"Nimwambie nini?"

"Wewe hesabu tu," akasema, akimfuta vumbi la filamu shavuni. "Maneno nitaingiza mimi."