Taa Mpya za Pikapu ya Kulow

Moshi ulianza kutoka chini ya dashibodi wakiwa wamebakiza kilomita arobaini kufika Ijara. Kulow alikanyaga breki, akaruka nje, akafungua boneti na kung'oa waya wa betri kwa mkono mtupu. Waya ulikuwa umeiva kama kaa la moto. Ngozi ya kiganja ikabaki imenata kwenye waya.

Taa zikazimika. Zilikuwa mpya, kali za kumulika pori zima, zimefungwa siku hiyohiyo mjini Garissa. Za zamani zilikuwa hafifu mno, na pikapu ile, aliyoirithi kwa baba yake, ilichemka kila ilipoendeshwa juani. Alitaka kusafiri usiku. Fundi Nuh alikuwa amemwonya: "Mzee, hizi zinavuta stima nyingi. Nyaya zako zimechoka. Ngoja kesho nikuwekee nyingine nene." Kulow hakungoja. Mama yao alikuwa mgonjwa huko Ijara, na yeye na dada yake Bishara walikuwa wameitwa.

"Lete mkono," Bishara alisema, akaufunga kwa kipande cha mtandio wake.

Kulipokucha waliona jinsi walivyokuwa peke yao. Walikuwa wameshika njia ya mkato ya wafugaji, na wafugaji wenyewe walikuwa wamehama na mifugo kutafuta malisho. Simu haikushika mtandao. Katika dumu mlikuwa na lita tano za maji. Walijilaza ubavuni mwa gari, wakisogea kivuli kiliposogea, na Kulow alishinda akimlaani fundi.

"Nitatembea," alisema jioni, mkono umevimba na mwili ukimchemka.

"Na homa hiyo? Utaanguka kabla hujavuka korongo la kwanza. Lala, aboowe, kaka yangu."

Siku ya pili hakuna aliyepita. Midomo ilipasuka, ulimi ukawa mzito. Zilibaki lita tatu. Bishara alisimama muda mrefu mbele ya boneti iliyo wazi, akitazama nyaya zilizoyeyuka na kugandamana.

"Injini inahitaji nyaya ngapi ili iwake?"

"Mmoja tu. Kutoka betri hadi koili ya kutoa cheche."

"Huu wa taa, huku mbele, haukuungua."

Kulow aliinuka kwa kushikilia bampa. Kweli, kile kipande alichoongeza fundi kilikuwa kizima. Bishara alikikata kwa kisu cha nyama, Kulow akamwelekeza pa kufunga. Kisha wote wawili wakaitazama rejeta ya kupoza injini. Ilikuwa imekauka kwa safari ndefu. Bila taa hawangeweza kwenda gizani, na mchana injini isingefika popote bila maji.

"Lita mbili na nusu," Kulow alisema. "Si chini ya hapo."

Bishara alimimina mwenyewe, polepole, bila kumwaga hata tone. Yaliyobaki wakagawana, mafunda machache kila mmoja.

Jua lilipopungua makali, Bishara alichomeka hendeli ya kuwashia mbele ya injini akazungusha. Akazungusha tena. Akakaa chini, akapumua, akainuka. Mara ya tisa injini ilikohoa, ikaunguruma.

Kulow aliendesha kwa mkono wa kushoto, na Bishara akabadilisha gia. Mara tatu walisimama mshale wa joto ulipopanda, wakaegemeza vichwa kwenye milango wakingoja, macho yao kwenye jua lililozidi kushuka. Hawakuwa na mate ya kuzungumzia.

Waliingia Ijara adhana ya magharibi ikimalizika, njia ikionekana kwa taabu. Mama yao alikuwa mkekani nje ya nyumba, amekonda, lakini hai. Aliushika mkono wa mwanawe na kufunua kitambaa.

"Nani amekufanyia hivi?"

Bishara aligeuka akamtazama kaka yake.

"Ni mimi mwenyewe, hooyo," Kulow alisema. "Fundi aliniambia ningoje."

Jirani alileta maji. Vidole vya Kulow vilikuwa vimevimba, vikashindwa kushika kikombe. Bishara, ambaye naye alikuwa hajanywa, alimshikia.