Jiwe la Kilo Ishirini

Mwaka huo wa 2002 kituo cha malori cha Beni kilikuwa kimefurika hadi pomoni, na askari mmoja alikuwa amemwaga mizigo ya Agar juu ya meza: sketi ya kitenge chenye ndege wa bluu, viatu vya Jumapili, Biblia, kompyuta. Kilichomkera zaidi ni kisanduku chenye nyaya nyingi. Alishikilia kwamba ni mashine ya kuwaita maadui. Agar alimweleza mara tatu kuwa ni cha kupimia injini, na mara tatu akaulizwa ni injini gani hiyo inayopimwa kwa nyaya.

"Chef, hiyo iko ya garage yetu ya Butembo," alisema kijana mmoja mwenye ovaroli iliyopigwa pasi ikanyooka, jambo la nadra kwa fundi. "Hata mimi niko nangojea ingénieur mwenye kuileta. Muzee moja wa masharubu, hivi."

"Masharubu niliacha Kampala," alisema Agar.

Fundi aligeuka, akamtazama kuanzia kilemba hadi viatu. Askari alicheka mpaka akasahau ukali wake, akawaruhusu. Kijana huyo aliitwa Malachie. Agar alimpenda palepale, ingawa ilimchukua wiki tatu kukiri hivyo moyoni.

Patron Gérard, mwenye garage, alikuwa na mashine ya tangu enzi za Wabelgiji, ambayo mafundi waliiita banc. Injini iliyokwisha kutengenezwa hufungwa pale, hunguruma huku ikizuiwa na pipa la maji, na mkono wa chuma huvuta sindano ionyeshe nguvu zake. Ubaya ni kwamba sindano hutetemeka, na kila fundi huisoma apendavyo. Agar alikuja kufunga capteur, kipande kidogo cha chuma kinachohisi mvuto wa mkono ule na kupeleka tarakimu kwenye kompyuta. Walifanya kazi bega kwa bega, yeye na nyaya zake, Malachie na spana zake, utani ukiwa ndio chai yao ya saa nne.

"Chérie, hii banc tuko nayo miaka kumi," Malachie alimwambia siku moja. "Iyo njo bibi yangu wa kwanza. Weye uko wa pili."

"Basi umwambie bibi mukubwa anyamaze. Nyumba iko yangu sasa."

Capteur mpya haijui kilo ni nini mpaka ifundishwe. Unatundika uzito unaojulikana kwenye mkono wa banc, unaiambia kompyuta ni kilo ngapi, nayo inashika. Lakini mawe ya mizani ya garage yaliporwa vita vilipoanza. Baba yake Agar, Mzee Lusenge, mnunuzi wa kahawa na mzee wa kanisa, akawaazima jiwe lake la chuma la kilo ishirini. Malachie alilitundika. Sindano ya zamani ikaonyesha ishirini na mbili. Patron akacheka, akasema ndiyo maana anataka vitu vya kisasa, kwani nani atabishana na jiwe la mzee wa kanisa? Agar akaandika ishirini. Malachie alilishusha jiwe, akajifuta mikono.

Injini ya kwanza kupimwa ilikuwa ya lori la kamanda wa eneo, la kupandia milima ya Mutwanga. Malachie ndiye aliyeifumua na kuifunga upya. Kompyuta ikasema nguvu zimepungua kwa karibu sehemu moja ya kumi. Kamanda mwenyewe alikuwa amesimama pale, mikono kiunoni, akauliza pistoni mpya alizoleta zimeuzwa wapi.

Agar angeweza kusema ngojeni kwanza. Lakini diploma ilikuwa bado mbichi na ilimpanda kichwani.

"Mashine haina ndugu," alisema. "Inasema tu yenye inaona."

Malachie alimtazama, akaweka spana zake chini. Askari wa kamanda wakampakia kwa wizi wa pistoni, wakaenda naye Beni. Jumamosi angepelekwa mstari wa mbele kubeba masanduku ya risasi, na waliopelekwa huko hawakuwa wakirudi.

Siku mbili Agar hakula. Ile ishirini na mbili ilimzunguka kichwani kama nzi. Alhamisi alilitia jiwe kikapuni, akalipeleka dispensari ya masista, penye mizani ya unga. Kilo ishirini na mbili. Akaligeuza, akaona chini tundu lililozibwa kwa chuma kingine kizito zaidi, likapakwa rangi. Akaelewa: kila mkulima wa kijiji cha Vuhovi aliyemuuzia baba yake kilo ishirini za kahawa alikuwa ametoa ishirini na mbili. Moyo ulimwuma kwa aibu na kwa hofu pamoja.

Mzee Lusenge hakukana. Alisema vita vimeharibu watu wote, na kwamba hata masomo ya Kampala yalitoka kwenye jiwe hilo. Kisha akamwomba binti yake anyamaze.

"Fundi mwingine utapata, mutoto wangu," alisema. "Papa mwingine hapana."

Ijumaa asubuhi Agar alitundika kilo ishirini za unga zilizopimwa kwa masista, akaifundisha capteur upya, akaiwasha injini ya kamanda. Sindano na kompyuta zikasema neno moja. Akamshika Patron mkono, wakaenda nyumba ya phonie, ile redio ya kuzungumzia na miji mingine, ambapo ukimaliza unasema "à vous" ili mwenzako aanze, na kila aliye kwenye foleni anasikia. Foleni ya asubuhi hiyo ilikuwa ya watu wa Vuhovi.

"Kamanda, pistoni ziko ndani," alisema. "Injini iko muzuri. Kosa iko yangu, nilipima na jiwe ya bongo, haiko kilo ishirini ya kweli. À vous."

"Jiwe ya nani? À vous."

Mama mmoja mwenye kikapu cha kahawa aliinua uso. Agar alifumba macho.

"Ya papa yangu, Lusenge. À vous."

Patron akathibitisha. Kamanda akanguruma, kisha akasema basi, fundi aachiliwe arudi kuifunga injini kwenye lori. Agar akaomba kusema naye.

"Malachie, unisamehe. Sikukuuliza hata neno. À vous."

"Nilijua," ilijibu sauti yake, imekauka. "Miaka kumi nabeba vyuma. Mukono yangu inajua kilo ishirini. À vous."

"Juu ya nini haukusema? À vous."

"Yeye njo muzee mwenye nilitaka kumupelekea mbuzi. Nimuite mwizi mbele ya bantu, kisha niombe binti yake? À vous."

Nyuma ya Agar watu wa Vuhovi walikuwa wakitoka mmoja mmoja, wakielekea ghala la baba yake. Agar alijua kwamba mpaka adhuhuri jina la nyumba yao litakuwa limekwisha, na kwamba baba yake hatapokea tena mbuzi wa mahari wa mtu yeyote kwa ajili yake. Alilia waziwazi, kidole kikibonyeza kitufe.

"Mbuzi, hakuna tena mwenye atazipokea," alisema. "Kuya tu weye kwangu. À vous."